Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamisheni ya Ujenzi wa Amani ya Umoja wa Mataifa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salamu za heshima, na pole kwa majukumu. Nakuandikia kwa jambo moja: asasi za kiraia ziitwe rasimu ya sera ya amani inapoanza kuandikwa, si ikiwa imeshachapwa.

Nimewahi kuitwa. Rasimu ilinifikia Ijumaa jioni, kurasa arobaini, na mkutano wenyewe Jumatatu asubuhi. Dada niliyeketi naye alikuja na daftari lenye majina ya vijiji ambavyo kikundi chake kimevipatanisha, na kando ya kila jina tarehe ambayo watu walikubali kuchota maji tena kwenye kisima kimoja. Alipewa dakika tatu. Ya kwanza iliishia kwenye kuwashukuru waandaaji, ndivyo adabu inavyotaka, na daftari halikufunguliwa. Baadaye tukasoma kwenye taarifa kwamba wadau walishirikishwa. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Maazimio yaliyoiunda Kamisheni yako mwaka 2005 yanaihimiza ishauriane na asasi za kiraia, yakizitaja za wanawake, pale inapofaa. Hilo "inapofaa" ndilo linalotuacha nje, maana anayeamua kama inafaa ni yule yule aliyekwisha kuketi ndani. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kushirikisha jamii katika ujenzi wa amani. Ni mzuri, ila mwongozo haumbani mtu.

Kule Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zikiuana. Wanawake walianzia sokoni: wakakubaliana kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na anunue bila kubughudhiwa, wakaweka na wa kuangalia hilo. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi alikuwa miongoni mwao. Kutoka sokoni wakawafuata wazee, vijana, kisha maofisa, na mwaka 1995 kamati yao ikaingizwa katika muundo wa serikali wa wilaya. Angalia mwendo huo, Mheshimiwa. Kazi ilitangulia, sera ikafuata.

Accra, mwaka 2003, wanawake wa Liberia hawakuwa na kiti mezani. Leymah Gbowee na wenzake waliketi mlangoni pa ukumbi wa mazungumzo ya kumaliza vita vya nchi yao, wakashikana mikono na kuwazuia wajumbe kutoka. Mkataba ulitiwa saini Agosti 18. Tunawasifu, na wanastahili, lakini kwa nini mtu azibe mlango ndipo asikike? Wakolombia walifanya vingine: mwaka 2014 waathirika 60 wa vita walifika Havana, Kuba, kwa makundi matano, wakazungumza na pande zote mbili, serikali na waasi wa FARC, wakati sura inayowahusu ilikuwa bado inajadiliwa.

Najua wasaidizi wako watasema asasi ni nyingi na nyingine ni za mkobani tu, jina bila kazi. Zipo, kweli. Basi kiulizwe kila kikundi kimefanya nini na nani huko kwao anakitambua, badala ya kuwaalika daima walewale hodari wa kuandika maombi ya ruzuku.

Naomba rasimu ya kwanza itufikie walau wiki sita kabla ya kikao, katika lugha za watu inaowahusu, na gharama za safari na tafsiri ziwe ndani ya bajeti. Wasiotaka majina yao yaonekane wafichwe. Wengine wakirudi nyumbani kuna watu wanawasubiri. Na kila pendekezo linalokataliwa liandikiwe sababu. Hili la mwisho ndilo ninalong'ang'ania zaidi. Yule dada wa daftari hakuwahi kuambiwa kama alichosema kilimfikia yeyote. Bado anapatanisha watu, lakini ukimtajia mkutano mwingine anasema hana muda.

Nitafurahi kupata jibu lako kwa maandishi, ili nami nimpelekee.

Wako katika kazi ya amani,
Mratibu wa kikundi cha usuluhishi