Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: vitamini D isiuzwe kama dawa ya sukari

Mheshimiwa Waziri wa Afya, salaam na pole kwa majukumu.

Kuna jambo limeshika kasi sana mitandaoni na kwenye magrupu ya wasapu hapa Tanzania, na naona wizara iko kimya. Watu wanaambiwa kisukari chanzo chake ni upungufu wa vitamini D, nenda kapime, ukikutwa iko chini nunua makopo yetu ya vidonge, meza miezi kadhaa halafu achana na dawa za hospitali. Mama yangu mkubwa ana sukari miaka mingi, wauzaji wa namna hiyo walimfuata mpaka nyumbani, akaacha metformin, dawa yake ya sukari ya hospitali, akawa anameza vitamini tu, sukari ikapanda akalazwa. Alhamdulillah ametoka, ila kidonda cha mguu mpaka leo hakijafunga.

Sisemi vitamini D haihusiki kabisa. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, zina vipokezi vya hiyo vitamini, yaani sehemu inaponasa na kufanya kazi, na tafiti nyingi zimekuta wenye kiwango cha chini ndio wanaopata zaidi kisukari cha aina ya pili, na hapo ndipo wauzaji wanapopata pa kushikia. Wasichosema ni kwamba vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo mtu mnene akipimwa damu inaonyesha kidogo, na mtu huyohuyo mnene, anayetoka kwenye gari anaingia ofisini anarudi kwenye gari, jua halioni na mazoezi hafanyi, ndiye aliye kwenye hatari ya sukari hata kama vitamini isingekuwepo kwenye hesabu.

Wataalam walilipima hili kwa watu. Marekani walichukua watu 2,423 ambao sukari yao imeanza kupanda lakini hawajafika kwenye ugonjwa, nusu wakapewa vitamini D yuniti 4,000 kila siku, nusu vidonge visivyo na kitu, majibu yakatoka 2019: waliopata kisukari kwenye kundi la vitamini ni 293 na kundi lingine 323. Tofauti ndogo mpaka haikuweza kuhesabika kuwa ni ya uhakika. Mwaka 2023 wakaunganisha utafiti huo na mingine ya Norwei na Japani, ikaonekana hatari inapungua kama asilimia 15 kwa hao ambao hawajaugua bado. Sawa, ni kitu, sikibezi. Lakini Marekani hiyohiyo tangu 2002 ilishaonyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea kwa bidii kunapunguza hatari kwa asilimia 58, na metformin, kidonge cha bei rahisi kabisa, asilimia 31. Na mtu ambaye tayari anaumwa? Hakuna utafiti ulioonyesha vitamini D inachukua nafasi ya dawa zake, wala insulini. Mheshimiwa hizi ndo namba zinazotakiwa zimfikie mama wa Mbagala na mzee wa Sumbawanga, kwa lugha yao, kwenye redio.

Halafu kinachoniuma zaidi, sisi ni nchi ya jua. Watafiti waliwapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili, majibu yakachapishwa 2012, wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita wakati upungufu kwa kawaida unahesabiwa chini ya 50. Hawakununua kopo lolote. Wapo Watanzania wenye upungufu wa kweli, mzee asiyetoka ndani, anayejifunika mwili wote, mgonjwa wa figo, na hao wapimwe na watibiwe na daktari. Ila kumpima kila mtu mwenye sukari ni kumkamua, maana hela ya kipimo hicho ingemnunulia stripu za kupimia sukari. Tena kuna vitamini nyingine ambayo mtu aliyetumia metformin miaka mingi kweli anatakiwa aangaliwe, B12, kwa sababu dawa yenyewe inaishusha na miguu inaanza kufa ganzi, mbona hiyo hawaitangazi?

Na wanavyogawa dozi ni hatari, mtu anameza dozi kubwa kila siku miezi na miezi bila kipimo, kalsiamu inapanda kwenye damu, mawe kwenye figo, figo ambazo kwa mgonjwa wa sukari tayari ziko mashakani.

Ninachoomba, Mheshimiwa, wizara na TMDA, mamlaka inayosimamia dawa na vifaa tiba, watoe tamko la wazi kwamba vitamini D haitibu kisukari na asiwepo mtu wa kumwachisha mgonjwa dawa isipokuwa daktari wake, na matangazo yanayosema kinyume yafutwe na wenyewe wachukuliwe hatua, sio kuonywa tu. Halafu zahanati ziwe na mashine ya sukari inayofanya kazi na stripu zisiishe, maana mtu akifika zahanati akaambiwa stripu hakuna, akirudi nyumbani anayemkuta mlangoni ni muuza makopo. Siku ya kisukari duniani ni tarehe 14 Novemba, tamko likitoka kabla ya hapo wahudumu watapata muda wa kulisoma na kulipeleka kliniki.

Ni mimi mwananchi, ninayeuguza mgonjwa wa sukari nyumbani.