Wanafunzi wa usanifu wasome majarida wasiyoyazoea

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaosomea usanifu wa kurasa. Wengi hupekua majarida ya mitindo na muziki tu, ndiyo maana kazi zao zinafanana. Chukueni jarida la ufugaji, la uvuvi au la uhandisi, hata la lugha msiyoijua. Msipoelewa maneno, jicho hubaki na mpangilio.

Anzeni na rula. Pimeni pambizo zote nne, hesabuni safu, kisha herufi za mstari mmoja. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ukijazwa safu moja ya herufi ndogo, mstari huzidi herufi 90 na msomaji hupotea akirudi kushoto kutafuta mstari unaofuata.

Kisha tazameni jarida limefungwaje. La pini huwa na kurasa zinazogawanyika kwa 4, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa hutoa nne. La gundi halifunguki likalala, hivyo pambizo ya ndani ikiwa nyembamba maneno humezwa na mgongo. Kosa hili limezidi kwenye kazi za vyuoni! Maandishi madogo meusi nayo yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakichanganywa rangi nne, sahani moja ya kuchapia (kila wino una yake) ikisogea kidogo tu herufi huota kivuli chekundu au cha bluu.

Maktaba nazo, tafadhali, zisiuze majarida ya zamani kwa kilo kabla wanafunzi hawajayapitia.

Mwalimu wa usanifu wa machapisho,
Dar es Salaam