Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Maveterani

Ndugu Makamu Mwenyekiti, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu, akina mama, na wanachama wote mlioweza kufika,

Nawasalimu kwa heshima. Nitaanza na yale mnayoyajua ili nisiwachoshe. Vikao vya kila mwezi vilifanyika kama katiba inavyotaka. Tuliondokewa na wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Mmoja tulimzika hapahapa Texas na mwingine tulimsafirisha hadi Bungoma. Nyama choma ya Siku ya Maveterani, 11 Novemba, ilifana, na akina mama wa jikoni wanastahili makofi. Mechi na vijana wa kanisa tulifungwa. Mahesabu mhazini atayasoma.

Kuhusu ada nitasema kidogo, japo moyo unataka kusema mengi. Daftari lina wanachama 86. Waliolipa dola 120 kamili ni 29, waliolipa nusu ni 11, na 46 hawajatoa hata senti. Akidi ni watu 25, na vikao vingi tulikuwa 17 au 18, wengine wakifika chakula kikiwa mezani. Lakini Septemba, ziliposambaa habari kwamba mwenyekiti amefunga meza ya fomu, ile ya kujaziana madai ya fidia ya waliotumikia jeshi la Marekani, ukumbi ulifurika hadi watu wakasimama ukutani. Kumbe nafasi ya kuja huwa ipo.

Basi niizungumzie hiyo meza, kwa sababu najua ndiyo iliyowaleta wengi leo.

Meza ilianza kwa nia njema. Sheria ya PACT iliposainiwa 10 Agosti 2022, wenzetu waliopitia Kuwait, Iraki, Afghanistan, Djibouti na Somalia walijua kwamba moshi wa yale mashimo ya kuchomea taka kambini sasa unahesabiwa, na kwamba maradhi zaidi ya 20 yanachukuliwa kuwa yametokana na utumishi bila mtu kulazimika kuthibitisha chanzo. Kila mtu akataka kupeleka madai. Ndugu yetu mmoja, mwenye kipaji cha kompyuta, akakaa karibu na mlango wa jiko baada ya kikao, watu wakapanga foleni, akawajazia fomu 21-526EZ, ya kudai fidia ya ulemavu. Mwanzoni bure. Baadaye ikaja "chai". Sitamtaja, na wala simchukii, maana nimesikia inasemwa namwonea wivu.

Sheria ya Marekani haimruhusu mtu kuandaa madai ya veterani mwenzake kama kazi bila kutambuliwa na VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani. Ipo ruhusa ya kumsaidia mtu mmoja kwa dai moja, bila malipo, lakini haikuwekwa kwa ajili ya foleni ya kila mwezi. Na kutoza pesa kwa dai la mara ya kwanza hairuhusiwi hata kwa wakili aliyetambuliwa. Yeye huanza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Chama kikiendelea kutoa ukumbi, meza na umeme, jina la chama ndilo litakaloulizwa, na sahihi iliyo kwenye mkataba wa ukumbi huu ni yangu.

Hata bila sheria, meza ilikuwa inawachelewesha watu. Kabla ya kufunga chochote niliomba wote waliokwama walete barua zao. Nilizisoma mwenyewe, usiku, baada ya zamu yangu ya kazi. Sisemi ili nisifiwe, nasema kwa sababu imedaiwa niliamua kwa hasira.

Tatizo lililonishangaza kuliko yote ni majina. Wengi wetu tuliingia jeshini kwa mpango wa MAVNI, uliochukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, kabla haujasimamishwa 2016. Tuliandikishwa kwa jina la pasipoti, tukala kiapo cha uraia mwisho wa mafunzo, na wengine siku hiyohiyo wakaliacha jina la babu. Mwanachama wetu mmoja aliumia goti Fort Jackson katika wiki za mwanzo. Kadi ya zahanati ya kambi ina majina matatu, DD-214, hati ya kuachishwa jeshi, ina mawili, na cheti cha ndoa cha Mwanza kina jina la ubatizo ambalo halimo kwenye karatasi nyingine yoyote. Mezani aliandikiwa jina analoitwa na watu, basi. Hakuna aliyejaza pale fomu inapouliza kama uliwahi kutumikia kwa jina lingine, wala aliyeambatanisha hati ya kubadili jina iliyokuja na cheti chake cha uraia. Goti lilikuwa limeandikwa vizuri tangu siku ya kwanza, ila chini ya jina ambalo hakuna aliyeambiwa alitafute.

Wenzetu waliokulia kambi za wakimbizi za Kigoma wana lao. Wengi waliandikishwa kuwa wamezaliwa 1 Januari, kwa kuwa karani hakuwa na tarehe nyingine. Mmoja, kwa uaminifu kabisa, akaandika kwenye fomu tarehe ya kweli aliyoambiwa na mama yake. Faili la jeshi linasema nyingine, na dai likasimama wakitafuta ni mtu mmoja au wawili.

Kisha hiyo DD-214 yenyewe. Ipo nakala ya 1, fupi, isiyoonyesha aina ya kuachishwa wala sababu yake, na ipo nakala ya 4 yenye vyote. Watu wanatunza ile ya 1 kwenye fremu sebuleni na ndiyo wanayoipiga picha kuituma. Inayotakiwa ni ya 4. Nanyi wa Gadi ya Taifa na Akiba, aliyeumia kwenye mazoezi ya wikiendi hawezi kutegemea DD-214. Anahitaji amri zake za siku zile, NGB-22, hati ya kuachishwa ya Gadi, kama ni wa Gadi, na ripoti inayosema aliumia akiwa kazini. Mzee mmoja aliniambia faili lake liliungua kule St. Louis, kwenye hifadhi ya rekodi za jeshi. Moto ule ni wa 12 Julai 1973, na majalada ya jeshi la nchi kavu yaliyoungua ni ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Mzee wetu aliandikishwa 1989. Nikamwomba ajaze SF-180, fomu ya kuomba rekodi za jeshi, na kuliagiza faili lake.

Daktari wa nje ni habari nyingine. Ukitaka VA ifuate karatasi zako hospitali binafsi, unasaini 21-4142 na unaorodhesha madaktari kwenye 21-4142a. Mezani ilijazwa moja bila nyingine. Hata zikijazwa zote, VA huandika, husubiri, huandika tena, na hospitali haina haraka na wewe. Nenda kachukue rekodi zako mwenyewe uziambatanishe. Kama ulitibiwa nyumbani ukiwa likizo, lete daftari la hospitali na tafsiri yake. Mama mmoja hapa alinionyesha daftari la Eldoret, kurasa zimeshikana kwa chai, lakini mwandiko wa daktari unasomeka: goti la kulia, maji yametolewa, tarehe ipo. Karatasi hiyo ilikaa kwenye sanduku la nguo wakati dai lake linakataliwa kwa kukosa ushahidi.

Simu nazo. Uchunguzi wa kitabibu wa fidia mara nyingi hupangwa na kampuni zenye mkataba, na wao hupiga kwa namba usizozijua. Mnakata. Barua inaenda anwani ya zamani. Usipokwenda bila sababu ya msingi, dai la kwanza huamuliwa kwa kilichomo kwenye faili, na dai la kuongeza asilimia ya ulemavu hukataliwa. Kisha tunaitana kikao kulalamika.

Jambo la mwisho ndilo lililowagharimu watu pesa. Fomu 21-0966, ya kutangaza nia ya kudai, hukushikia tarehe yako ya kuanza kuhesabiwa malipo kwa mwaka mmoja. Mezani watu waliambiwa "tayari umeshaingia kwenye mfumo", wakarudi nyumbani kusubiri barua. Mwaka ukapita. Dai likaja kufunguliwa upya kwa tarehe mpya, na miezi yote ya nyuma ikapotea. Watu wanne ninaowajua. Mmoja wao ndiye aliyesimama Septemba akaniita dikteta.

Kwa hiyo Kamati Tendaji, kwa kura tano dhidi ya mbili, iliamua kwamba ndani ya ukumbi huu hakuna kujaziana fomu za madai. Anayetaka msaada asaini 21-22, fomu ya kuteua mwakilishi, na mwakilishi aliyetambuliwa. Wapo ofisi ya kaunti, wapo Tume ya Maveterani ya Texas, vipo vyama vya maveterani vya DAV na American Legion, na wote ni bure. Saini na mmoja tu: ukisaini na wa pili, wa kwanza amefutwa, hata kama faili lako lilikuwa mkononi mwake jana. Hilo nalo limewakuta watatu.

Nimeshutumiwa kwamba nimewatupa wasiojua Kiingereza vizuri. Naomba ikumbukwe ni mimi niliyekwenda ofisi ya kaunti kuomba tupewe siku yetu, na ni mimi niliyekaa na wazee kutafsiri maneno yao. Kutafsiri ninaendelea. Kujaza, hapana. Nimeambiwa pia kwamba nimeahidiwa cheo huko kaunti. Aliyeniahidi ajitokeze, maana nami ningependa kumjua. Wanaotaka uamuzi huu ubadilishwe wana haki ya kuleta hoja, ila katiba inasema mwenye kupiga kura ni mwanachama aliyelipa ada.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kumleta mwakilishi wa kaunti hapa mara kadhaa, kupata mtafsiri wa vyeti kwa bei nafuu, na kama pesa zitaruhusu, kumsomesha mmoja wetu hadi atambuliwe rasmi. Ndugu yetu wa kompyuta angefaa sana, na milango iko wazi kwake. Suala la kununua kiwanja bado tunalifikiria.

Kwa wenye barua za kukataliwa: mna mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyo juu ya barua kupeleka ushahidi mpya au kuomba faili lisomwe upya bila kupoteza tarehe yenu ya awali. Itazameni tarehe hiyo leo kabla hamjalala. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti. Anapokea taslimu na kwa simu, na hakopeshi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti