Mdogo wangu, kabla hujapakua hizo programu za uchumba

Mdogo wangu,

Uliniuliza uweke programu ipi ya uchumba kwenye simu, nikakuahidi jibu refu. Nakujibu hapa hadharani bila kukutaja, maana wenye swali kama lako ni wengi. Umehamia jiji la watu wa milima na baiskeli, huna mtu, na kila unayemwona anafaa hutoweka Ijumaa jioni na hema mgongoni, akarudi Jumapili usiku akiwa hoi, mchafu, na ana furaha isiyokuhusu.

Wewe umeuliza ipi ni bora. Mimi ningeuliza kwanza ipi inawafaa watu wa jiji hilo, kwa sababu nyingi ya programu hizi zinamdhania mtu anayeshika simu yake kutwa nzima, siyo anayelala siku mbili msituni pasipo mtandao.

Anza na picha. Huko ulipo karibu hazisemi kitu. Utafungua programu yoyote ukutane na mtu yule yule: kasimama kileleni mikono kaitandaza, kavaa kofia ya baiskeli na miwani myeusi, au kaipa kamera mgongo akitazama bonde. Mahali pengine picha ya kileleni ingekudokeza kwamba huyu ana pumzi na uthubutu. Hapo inakwambia tu kwamba anaishi hapo. Na wapo waliopanda mlima huo mara moja, zamani, wakapiga picha za kuwatosha hadi uzeeni. Kwa hiyo programu inayotaka umpime mtu kwa sura na mandhari itakupotezea muda zaidi hapo kuliko kwingine. Tafuta inayomlazimisha mtu aandike.

Ndiyo maana nisingeanza na Tinder. Ilitoka mwaka 2012, na ndiyo iliyoizoesha dunia kutelezesha kidole, kulia kwa anayekuvutia, kushoto kwa asiyekuvutia. Sina ugomvi nayo. Ina watu wengi, na katika jiji lisilo kubwa wingi ni jambo la maana, kwani programu nzuri yenye watu ishirini wa rika lako utaimaliza kwa jioni moja. Lakini humo mtu anaweza kukaa bila kuandika neno. Ukichanganya picha zinazofanana na kidole chenye haraka, utawapita watu ambao ungewapenda na hutajua kwamba umewapita.

Hinge ndiyo ningeiweka kwanza. Nayo ina asili ya mwaka 2012, ila mwaka 2016 ilijisuka upya ikaachana na mtindo wa kutelezesha. Kila mtu hujibu maswali matatu anayoyachagua kwenye orodha, na ukivutiwa naye humpendi kwa jumla jumla: unagusa jibu moja au picha moja, na unaweza kuandika neno papo hapo. Asiyelipa hupewa nafasi chache za kupenda watu kwa siku. Watu hulalamikia hilo. Mimi nalisifu, maana linakufanya usome. Mwenye milima sita kwenye picha hana pa kujificha kwenye majibu. Akiandika kwamba anapenda kusafiri na kucheka, umeshamjua, endelea na wengine. Akiandika kwamba huwa wa kwanza kuchoka na wa mwisho kukubali kurudi, hapo pana mtu wa kuzungumza naye.

Hinge pia hukuchagulia mtu ambaye inaona mnafaana kuliko wengine, na watu humpokea kama aliyeletwa na nyota. Hakuna uchawi. Kampuni ilipoanzisha huduma hiyo mwaka 2018 ilisema imeegemea kazi ya wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley ya mwaka 1962, kuhusu jinsi ya kuoanisha makundi mawili mpaka wasibaki wawili ambao wangetamani kuwaacha waliopewa wakachukuana wao. Shapley alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Hisabati yenyewe ni safi. Ila inahitaji kujua unampendelea nani kuliko nani, na programu inakisia hilo kwa kuangalia unachogusa. Ukigusa kila picha ya mwamba, itakuletea miamba.

OkCupid ni ya wenye subira. Ilianza mwaka 2004, enzi za kompyuta za mezani, na imejengwa juu ya maswali mengi mno: unatoa jibu lako, unasema majibu gani ungeyakubali kwa mwenzako, na jambo hilo lina uzito gani kwako. Asilimia inayokuonyesha inahesabiwa kwa kuangalia pande zote mbili, siyo upande wako tu. Huko kwenu ningeithamini kwa sababu moja. Watu wawili wanaweza kupenda njia zilezile za msituni na wasikubaliane hata kidogo kuhusu watoto, dini au fedha. Mnapokuwa na safari kila wikiendi, mazungumzo ni ya viatu, mvua na njia ya kesho, na miezi inapita kabla hamjagusa hayo mengine.

Sasa Bumble, ambayo rafiki zako wote wanakusukumia. Iliingia mwaka 2014, ikiongozwa na Whitney Wolfe Herd, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tinder. Sharti lake la asili ni kwamba mkishapendana, mwanamke na mwanamume, mwanamke ndiye anayeandika kwanza, na ana saa 24; mwanamume naye ana saa 24 za kujibu, la sivyo mawasiliano yanafutika. Mwaka 2024 wakalilegeza: mwanamke anaweza kuweka swali moja la kudumu, na mwanamume akaanza kwa kulijibu. Wazo ni zuri, na linakupunguzia salamu za hovyo. Tatizo ni hiyo saa ya ukutani. Mkipendana Ijumaa saa kumi na mbili jioni, yeye yuko njiani kwenda milimani. Jumamosi jioni muda umekwisha, na yeye hajaiona hata salamu yako. Utadhani kakupuuza. Ukiamua kuitumia, itumie Jumapili usiku hadi Jumatano, wakati watu wamerudi, wamefua na wanachaji simu. Mimi hapo nasema kwa dhati, siyo utani: ratiba ya jiji lako ina nguvu kuliko maelezo mazuri ya programu.

Usizipakue zote. Tinder, Hinge na OkCupid ni mali ya kampuni moja, Match Group. Bumble na Badoo, programu nyingine ya uchumba, nazo zina mmiliki mmoja. Watu walewale utawakuta mlango huu na ule, na wewe utachoka kujieleza upya. Mbili zinatosha: moja ya maneno, moja ya wingi.

Kuna jambo la umbali ambalo hakuna aliyeniambia nikaona ajabu nilipolielewa. Kilomita unazoonyeshwa ni za mstari ulionyooka, kama anavyoruka ndege. Kwenye tambarare hilo halina neno. Kwenye jiji lenye ziwa au safu ya vilima, mtu wa kilomita 9 anaweza kuwa ng'ambo, na kumfikia ni kuzunguka mpaka uchoke. Tazama ramani kwanza, halafu ndipo uweke kikomo cha umbali. Na zaidi ya hapo, programu nyingi husoma mahali ulipo unapoifungua, kwa hiyo wapandaji waliokuja kwa siku mbili wataonekana kama majirani zako. Uliza mapema, bila haya: unaishi hapa au umekuja kwa mlima? Wengine watakwepa kujibu, na hilo ni jibu.

Kwa kuwa umbali unasumbua hivyo, utavutiwa na Happn, iliyozaliwa Paris mwaka 2014, inayokuonyesha watu mliopishana nao njiani. Katika jiji ambalo nusu ya watu hukimbia kando ya maji alfajiri, inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili yenu. Mimi inanikosesha raha. Anayejua unapishana na watu wapi na saa ngapi, anajua mazoea yako, na bado hujaamua kama unataka ayajue.

Hilo linanikumbusha Strava, programu ya kurekodi mazoezi ya kukimbia na baiskeli, ambayo najua unayo kwa sababu unanitumia kila hatua unayokimbia. Mtu akishajua jina lako kamili anaweza kukutafuta humo. Njia zako zinaanzia mlangoni kwako na kuishia mlangoni kwako. Mwanzoni mwa mwaka 2018 ilikuwa habari ya dunia nzima: ramani yao ya pamoja ya watumiaji ilikuwa imefichua kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia mazoezi wakiwa na saa zao mkononi. Kama askari walisahau, na wewe unaweza kusahau. Nenda kwenye mipangilio ya faragha ufiche mwanzo na mwisho wa njia zako, na uwaruhusu wafuasi unaowajua tu. Fanya leo, kabla ya kuandika profaili.

Kwenye profaili yenyewe, usijifanye. Nakujua: unapenda mlima ukiwa umekaa, na unapenda ziwa likiwa mbele ya kiti. Ukiandika kwamba unapenda kukwea, atakuja mtu wa kweli na kamba za kweli, atakuamsha saa kumi alfajiri, na mtaanza kwa uongo wenye jasho. Andika unavyotembea: saa mbili, njia iliyotulia, kwa kuzungumza. Utashangaa wangapi wanatafuta hilo hilo na wameficha, wakidhani jiji lote ni la mabingwa. Na wao ukitaka kuwajua, acha kuuliza kama wanapenda milima, maana wote watasema ndiyo. Waulize Jumamosi iliyopita walikuwa wapi na na nani. Yupo atakayesema peke yake, kama kila Jumamosi, na hapo jiulize kama katika maisha hayo pana kiti chako.

Usione haya kwamba unatafuta mtu kwenye simu. Utafiti wa mwanasosholojia Michael Rosenfeld na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba Marekani karibu asilimia 39 ya wapenzi wa mwanamke na mwanamume waliokutana mwaka 2017 walikutana mtandaoni, wakiwapita waliokutanishwa na marafiki. Ila katika jiji lako ningejiunga pia na kikundi cha kukimbia cha wanaoanza. Huko utamwona mtu akiwa amechoka na amechelewa, akimngoja wa mwisho au asimngoje. Hakuna profaili inayokupa hayo.

Kukutana mara ya kwanza ndipo ninapokuomba unisikilize kama dada, hata kama utakunja uso. Huko watu hualikana milimani kama wengine wanavyoalikana mezani, na mwaliko wenyewe hutolewa kwa nia njema kabisa. Kataa tu. Msituni hakuna mtandao, gari ni lake, njia anaijua yeye, na ukitaka kuondoka katikati huna pa kwenda. Mwambie mtapanda siku nyingine. Kwa leo mkutane mchana, kwenye bustani au ukingo wa maji wenye watu, nawe uende na kurudi kwa usafiri wako. Aliye muungwana hatabishana. Anayesema "huniamini?" kabla hamjaonana, amekuokolea safari. Kabla ya hapo piganeni simu ya video, hata dakika tano. Na jihadhari na yule ambaye daima yuko kambini, daima hana mtandao wa video, lakini mtandao wa kukuomba fedha za dharura anaupata. Milima ni kisingizio kizuri sana kwa matapeli.

Mwanzoni usilipe. Tumia toleo la bure mpaka ujue kama watu unaowataka wamo, kwa sababu malipo hayaongezi watu katika jiji, yanakuonyesha walewale haraka zaidi. Ukiishia kulipa, fahamu kwamba malipo hujirudia yenyewe, na kufuta programu kwenye simu hakuyasimamishi wala hakufuti akaunti yako. Utaendelea kuonekana na picha zako mahali ambapo wewe mwenyewe umeshahama. Unaingia kwenye mipangilio, unafuta akaunti, kisha unakwenda kwenye duka la programu la simu kusitisha malipo, kama ulilipia huko.

Nitumie majibu yako matatu kabla hujayaweka. Picha chagua mwenyewe. Na ukishapanga kukutana na mtu, nitajie siku, saa na mahali. Jina lake utaniambia ukiwa tayari, sitauliza.

Dada yako