Mifugo ipimwe kwa afya na mazao, si kwa idadi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala kuhusu mifugo katika uchumi wa nchi zinazoendelea. Kila msimu wa bajeti, viongozi husoma kwa fahari idadi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo tulionao, kana kwamba watu hula idadi.

Mfugaji mwenye kundi kubwa hulaumiwa kwamba anafuga kwa sifa, lakini lawama hiyo ni ya mtu asiyeuliza. Pasipo na benki wala bima, kundi ndilo akiba yenyewe: mbuzi huuzwa ada ya shule inapodaiwa, maksai hulima, samadi hurutubisha shamba, na maziwa yanayonywewa nyumbani ni nadra kuhesabiwa ipasavyo katika pato la taifa. Anayemtaka apunguze mifugo amwonyeshe kwanza ataegemea nini ukame ukija.

Kinachogeuza kundi kuwa uchumi ni afya na soko, na viwili hivyo haviachani. Mwaka 2000 Saudi Arabia ilipozuia mifugo ya Pembe ya Afrika kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, wafugaji waliotegemea bandari ya Berbera huko Somaliland walipoteza mteja wao mkuu, na zuio hilo liliondolewa 2009. Kinga, kwa upande wake, hulipa: sotoka, ugonjwa wa virusi uliofyeka ng'ombe wa Afrika katika miaka ya 1890, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011 baada ya miongo kadhaa ya chanjo. Hata hivyo, fedha za chanjo na majosho ndizo za kwanza kukatwa hazina ikipwaya.

Ngozi nayo tunaipoteza kizembe. Huanza kuharibika mnyama akiwa hai, kwa kupe, miba na chapa ya moto ubavuni, mahali penye ngozi nzuri. Kisha kisu cha mchunaji huitoboa, na inayosalia huanikwa chini hadi ikaoza upande mmoja. Kuhamishia chapa mguuni hakuhitaji mkopo wa mfadhili yeyote. Machinjio nayo yaanze kumlipa mchunaji kwa daraja la ngozi anayoitoa, badala ya kumlipa kwa idadi ya wanyama aliowachuna, na viwanda vya ngozi vimrudishie mfugaji sehemu ya bei ya ngozi hiyo.

Wako,
Mfugaji na msomaji wa gazeti hili