Mwanangu, yule nesi mtoe

Mama hujambo, sisi huku Bagamoyo wazima, bibi yako mguu umetulia anakusalimia sana anauliza kama unakula. Skripti yako ya igizo la mashuleni uliyonitumia wasap nimeisoma yote, nilianza saa tatu usiku nikasema niangalie kurasa mbili tatu nilale, kuja kushtuka saa saba na simu imebaki chaji asilimia nne. Asubuhi nikaanza kukujibu kwa voisi nikaona hapana, haya mambo yanataka nikae chini niandike, wewe ukiwa kwenye foleni ya Mbagala utasoma taratibu.

Kwanza nimefurahi mwanangu, nimefurahi sana. Pale mwanzo yule binti anahesabu hela ya nauli kiganjani, mia mbili, mia mbili, afu anarudia kuhesabu kama vile zitaongezeka, hajaongea hata neno na mimi tayari namjua, najua kwao kukoje, najua asubuhi amekunywa chai kavu. Chuo cha sanaa, TaSUBa, wamekunoa vizuri lakini jicho hilo ni lako mwenyewe.

Ila ukurasa wa kumi na nne anaingia nesi. Anaingia na koti jeupe anasema "kwa hiyo wanafunzi" na anaongea ukurasa mzima na nusu, mimba za utotoni, ngono zembe, vishawishi, timizeni ndoto zenu. Mama, nilipofika hapo nilisikia kabisa masikioni mabenchi yanavyoanza kulia. Nafundisha hao watoto mwaka wa kumi na tisa huu, najua sekunde wanayoondoka. Mwili unabaki pale, mmoja anachorachora kwenye daftari, mwingine anamsuka mwenzie, kimya, kwa adabu zote, na ukiwauliza mmejifunza nini watakujibu vizuri kuliko hata ulivyoandika wewe, maana hayo majibu wanayo tangu la tano.

Nikakumbuka ngonjera zetu. Mshairi Mnyampala alizipa nguvu baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 zikaenea mashuleni nchi nzima, na mimi nimezighani sana, nasimama paredi nimenyoosha kidole, mpaka leo nazipenda. Ila ziangalie zilivyojengwa, kuna asiyejua na kuna ajuaye, wanabishana wee, mwisho asiyejua anakubali na anashukuru. Mtoto wa fom tuu akiona igizo la hivyo anajua kabisa yule asiyejua ndio yeye. Ameshashindwa kabla hamjaanza, sasa kwanini akusikilize?

Mimi niliyejifunza nilijifunza kwa wengine kabisa. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, wa idara ya sanaa pale Mlimani, walianzisha Tuseme, mpango wa maigizo kwa ajili ya wasichana wa sekondari, na mwaka uliofuata nikiwa fom thrii nikawa kwenye kundi la shule yetu. Hawakutuletea igizo. Hilo lishike. Walituuliza tu, hapa shuleni kinachowaumiza ni nini? Sisi tukasema maharage yana wadudu. Tukasema maji, taa za prepu, tuliongea maharage siku mbili nzima maana maharage hayana hatari. Siku ya tatu mwenzetu mmoja wa bwenini kwetu, mpole kupita wote, akachukua rundo la madaftari mezani akaliweka kichwani, akaanza kukatisha darasa. Taratibu. Kila hatua anapunguza mwendo. Akafika mwisho wa ukuta akasimama kama aliyefika mlangoni kwa mtu, akanyoosha mkono kugonga, akaurudisha. Akaunyoosha tena. Hakuna aliyeuliza pale ni wapi, maana kuna mwalimu alikuwa na tabia ya kuwaagiza wasichana wampelekee madaftari nyumbani jioni jioni, na kila mtu alikuwa na la kwake analolijua.

Basi igizo likawa ndio hilo. Tulilionyesha bwaloni shule nzima ipo, walimu wote wapo, na yule mwalimu wa madaftari yupo, kiti cha mbele. Ile njia yote mpaka mlangoni labda dakika mbili tu lakini bwalo lilinyamaza mpaka unasikia bati linavyolia kwa jua. Baadae mkuu wa shule akatoa amri madaftari yaishie ofisini na wapeleke wawili wawili. Hakuna aliyesimama mwishoni kutueleza maana, na hakuna aliyeihitaji.

Kwa hiyo nesi mtoe mama, na ukimtoa utaona skripti yako inabaki wazi pale mwisho, na mimi naona huo mwisho wenyewe una tatizo. Binti ana mimba, anafunga begi, anaondoka shule analia, imeisha. Huo ni mwisho wa enzi zetu. Tangu Novemba 2021, Profesa Ndalichako akiwa Waziri wa Elimu, serikali ilitangaza kwamba aliyeacha shule kwa mimba anaruhusiwa kurudi akishajifungua. Mtoto wa fom tuu wa sasaivi hajawahi kusoma sekondari chini ya ule utaratibu wa kufukuzwa, ukimwonyesha begi unamwonyesha habari ya dada zake. Ya kwake ni kwamba mwenzie anarudi Jumatatu. Anakaa benchi la tatu. Haya, sasa?

Nikusimulie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyerudi hivyo. Nikaingia kipindi cha saa saba mchana, joto la Bagamoyo unalijua, yeye kavaa sweta kafunga vifungo mpaka shingoni, jasho linamtiririka kwenye nyusi. Nikamwambia vua sweta. Akasema madam naumwa homa. Nikamwambia tena vua, hilo joto litakuua, nimeongeza sauti, nilidhani namjali. Akakunja mikono kifuani akainama. Ndio nikawaona wasichana wawili wa nyuma yake wanaangaliana, na hapo nikaelewa, maziwa yamejaa yamelowesha shati, mtoto kamwacha kwa bibi yake tangu saa kumi na moja alfajiri na hajanyonyesha tena. Na mimi nimemsimamia mbele ya watu hamsini namwambia vua. Lile neno mpaka leo likinijia usiku sipati usingizi.

Unaona, hapo sasa ndio hawana majibu. Wavulana hawajui wacheke au waangalie dirishani, wasichana wanaogopa kukaa nae wasije wakaonekana na wao wamo, kiranja hajui, mwalimu hajui. Na wewe mwandishi hujui, na usijifanye unajua. Igizo lianze anaporudi, na nauli yake ile ile kiganjani, ila sasa anahesabu nauli au maziwa ya kopo.

Yule kijana wa boda nae umemwandika vibaya. Simtetei, nisikilize kwanza. Umemleta sini ya kwanza tu anacheka kishetani, mtoto yeyote pale atasema mimi huyo nisingempanda. Kumbe wanampanda kila siku kwa sababu ni mzuri kwao, anawajua majina, mvua ikinyesha anawapitisha bure, akisema "kesho utanilipa" anasema kwa upole. Binti anatembea zaidi ya saa nzima kwenda shule, afu mtu mmoja tu dunia nzima ameona amechoka. Mwandike hivyo, wampende, na wewe mwenyewe umpende kidogo, ndio watajua kwanini mwenzao alipanda na wataacha kumwona mjinga.

Lugha ya vijana nayo ipunguze, miezi sita tu hayo maneno yamechacha na wao ndio wa kwanza kujua mtu mzima anaiga. Waache waongee Kiswahili cha kawaida kifupi kifupi, watoto wenyewe wakiwa na jambo zito huwa hawaongei hayo maneno, wanakuwa na aibu, wanakatisha sentensi.

Na watacheka. Watacheka pale pale ambapo wewe ulilia ukiandika, shati likilowa watacheka, waandae waigizaji wako. Niliwahi kusimamia kundi, muigizaji wangu akakasirika akawageukia "mnacheka nini?" na ikaishia hapo, tuliwapoteza mpaka mwisho. Kicheko cha mtoto wa miaka kumi na tano mara nyingi ni hofu inatafuta pa kutokea, muigizaji asipigane nacho, abaki na uhusika wake, asubiri tu, kikiisha kinaacha ukimya ambao wewe kwa maneno yako usingeupata.

Shule nyingi za kata hazina ukumbi, mtacheza chini ya mwembe au kati ya madarasa mawili, mchana kweupe, hakuna taa wala pazia, spika ikija haina umeme. Kwa hiyo kila kitu kikubwa kionekane kwa mwili. Omba vipindi viwili, dakika themanini, igizo lisizidi arobaini, na zile arobaini zingine zishikilie kwa meno maana watakuambia muda umeisha fungeni. Afu walimu waombe kwa heshima wakae nyuma, hasa wa nidhamu, ukiruhusu wakae mbele utapata watoto mia nne wanaoangalia visogo vya walimu waone kama inaruhusiwa kucheka.

Ile sehemu ya kusimamisha igizo mtazamaji apande acheze mwenyewe, naipenda. Mmesoma Boal chuoni, yule Mbrazili wa maigizo, unakumbuka ilivyoanza Peru mwaka 1973, mama mmoja kwenye watazamaji alikataa kila suluhisho la waigizaji mpaka Boal akamwambia basi panda uonyeshe. Ila yule alikuwa mtu mzima na hasira zake. Mtoto wa fom tuu ukimwita peke yake mbele ya darasa lake atafanya mzaha ili ajiokoe. Waanzie hapo hapo walipokaa, wao si wamelelewa na paukwa pakawa, kuitikia wanajua, uliza tu "sasa ungekuwa wewe umekaa nae benchi moja?" waache wapige kelele. Halafu pitisha vikaratasi, kila mtu aandike bila jina atie kwenye ndoo, usome vitatu vinne kwa sauti. Ndoo ndio itakuambia ukweli, na hapo wakiisha kusikia mawazo yao yamesomwa bila kuchekwa, kuna mmoja atapanda.

Wakuu wengine wa shule wataogopa, wasikukatishe tamaa. Wanajua igizo la watoto sio mchezo. Aprili 2025 kule Nakuru, Kenya, tuliona kwenye simu wasichana wa shule ya Butere, igizo lao limezuiwa mpaka mahakama ikaingilia, mabomu ya machozi nje, wakaingia stejini wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Nilikaa na simu mkononi nalia. Wewe nenda mapema, kaa na mkuu, mpe skripti aisome yote, usimfiche kitu.

Na hili nakuomba kama mama. Kila shule mtakayokwenda, kabla hamjaanza, muulize mwalimu wa ushauri nasaha ni nani na ahakikishe yupo siku hiyo. Maana igizo likiisha mtafungasha vitu na kuna mtoto atazungukazunguka karibu na gari yenu anajifanya anaangalia ngoma. Usiwe na haraka na huyo. Mwache aishike ngoma, aipige kidogo, mpaka aseme mwenyewe.

Jumamosi nakuja huko, nitapanda gari ya asubuhi nifike mazoezini saa nne, nakuletea na samaki wa kukaanga bibi yako kasema usimnyime mtu. Sweta msinunue, ninayo ile ya bluu ya mdogo wako ya fom wan, imeshambana na kifungo cha juu kimelegea, naona itafaa.

Mama yako.