Maktaba za shule zisife kwa kukatika umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu na mafundi wanaotunza maktaba zisizotegemea intaneti mashuleni: zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazorusha Wi-Fi darasani ili wanafunzi wasome Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia na vitabu nje ya mtandao) au Kolibri (programu ya masomo na mazoezi) bila bando. Adui mkubwa wa mashine hizi ni umeme kukatika wakati mfumo unaandika kwenye memori kadi. Faili huharibika, na umeme ukirudi mashine haiwaki. Kinga yake haina gharama: mfumo uwe wa kusomwa tu.

Ila hapo huzuka tatizo jipya. Fundi anaweka "ro" (yaani kusoma tu) kwenye /etc/fstab, faili linaloeleza jinsi diski zinavyopachikwa, na kuwasha upya. Jina la Wi-Fi linaonekana, nenosiri linakubaliwa, kisha simu inabaki ikitafuta anwani ya IP bila kupata. Usihangaike na antena. Hostapd, inayorusha mawimbi, huweka faili zake za muda kwenye /run, ambayo ni RAM, kwa hiyo haidhuriki. Anayekwama ni dnsmasq, mgawaji wa anwani, kwa sababu anataka kuandika kwenye /var/lib/misc/dnsmasq.leases. Akikuta hapaandikiki, hawaki kabisa. Amri ya journalctl -u dnsmasq, inayosoma kumbukumbu za programu hiyo, itakuonyesha hivyo waziwazi.

Ongeza mstari huu kwenye fstab, ili folda hiyo ikae kwenye RAM na iandikike: tmpfs /var/lib/misc tmpfs nosuid,nodev,size=1M 0 0. Fanya vivyo hivyo kwa /tmp na /var/log, ukitoa nafasi kubwa zaidi. Halafu weka dhcp-authoritative, yaani dnsmasq ndiye mgawaji mkuu wa anwani kwenye mtandao huo, ndani ya faili lake la mipangilio, dnsmasq.conf. Mstari huu husahaulika, nao ni muhimu: orodha ya anwani iliyo kwenye RAM hupotea kila umeme unapokatika, na bila mstari huo simu inayodai anwani yake ya zamani inaweza kusumbuka kabla ya kukubaliwa.

Kwa shule isiyo na fundi karibu, napendelea kinga iitwayo Overlay File System, iliyo ndani ya raspi-config, menyu ya mipangilio ya Raspberry Pi. Kila kinachoandikwa huenda kwenye RAM na kufutika mashine ikizimwa, na dnsmasq hana cha kulalamikia. Mwalimu aambiwe mapema kwamba akibadili nenosiri bila kuzima kinga hiyo kwanza, la zamani litarudi. Azime kinga, awashe mashine upya, abadili nenosiri, arudishe kinga, kisha awashe mashine upya mara ya pili.

Rekodi za wanafunzi za Kolibri zisiachwe kwenye mfumo huo unaofutika. Elekeza KOLIBRI_HOME, yaani folda ya data ya Kolibri, kwenye flashi ya USB, na uhakikishe Kolibri haianzi kabla flashi haijapachikwa. La sivyo itaandika kwenye RAM na kazi ya siku nzima itapotea. Flashi nayo inaweza kuharibiwa na umeme kukatika, basi inakiliwe kila wiki.

Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina saa yenye betri. Mfumo ukiwa wa kusomwa tu, hata fake-hwclock, programu inayokumbuka saa ya mwisho kabla ya kuzimwa, haiwezi kuhifadhi muda, hivyo kila ikiwashwa tarehe inarudi nyuma na rekodi zinachanganyika. Funga kisaa cha DS3231 chenye betri ya CR2032, na uandike dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt, faili la mipangilio ya kuwasha mashine, kabla ya kuufanya mfumo uwe wa kusomwa tu.

Fundi wa mitandao ya shule,
Morogoro